Kutoa hela ya akaunti ya kustaafu kabla ya umri ukiwa nchi nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanawahusu waliofanya kazi nchi moja, wakachangia akaunti ya kustaafu huko, alafu wakahama na sasa wanataka kuchomoa hela kabla umri haujafika. Sehemu kubwa ni Marekani, yaani 401(k) (akaunti ya kustaafu ya kupitia mwajiri) na IRA (unayojifungulia mwenyewe), maana huko ndo watu wanakatwa vibaya na wengi wanaachia hela ambayo ilikuwa ni haki yao kurudishiwa. Canada, Uingereza na Australia zipo huko chini.

"Kabla ya umri" ni umri gani hasa?

Inategemea akaunti iko wapi, haijalishi wewe unaishi wapi. Marekani ni miaka 59 na nusu, na hiyo nusu wanaihesabu kweli. Uingereza saa hizi ni 55 ila kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 inapanda kuwa 57. Australia kwa waliozaliwa kuanzia Julai 1964 ni 60. Canada kwenye RRSP (akaunti yao ya kustaafu) hakuna umri wa chini, unaweza kutoa muda wowote ukilipa kodi yake.

Nimeshaondoka Marekani, sio raia na sina grini kadi. Nikitoa 401(k) yangu yote kwa mkupuo nakatwa nini?

Hapa kuna vitu vitatu na watu wanavichanganya kila siku, kwahiyo soma taratibu.

Cha kwanza ni kodi ya zuio. Kampuni inayotunza akaunti inakata 30% ya malipo yote kabla hayajakufikia, kwasababu kwenye vitabu vyao wewe ni mgeni asiye mkazi. Wakazi na raia wao wanakatwa 20% kwenye 401(k), wewe ni 30%, labda kama una mkataba wa kodi unaopunguza.

Cha pili ni kodi yenyewe ya mapato. Hii inakokotolewa baadaye ukifaili ritani ya 1040-NR, ambayo ni ya wasio wakazi. IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inachukulia pensheni iliyotokana na kazi uliyoifanya ndani ya Marekani kuwa ni kipato kilichoungana na ile kazi, hata kama unailipwa miaka mingi baada ya kuondoka na mwaka huo hujafanya kazi yoyote kule. Maana yake inaingia kwenye viwango vya kupanda, 10%, 12%, 22% na kuendelea, haikai kwenye 30% bapa. Kwa mtu ambaye hana kipato kingine cha Marekani mwaka huo tofauti ni kubwa sana.

Cha tatu ni ile 10% ya kutoa mapema. Hii haikatwi kwenye malipo, unaihesabu mwenyewe kwenye fomu 5329 na inajumlishwa kwenye ritani.

Sasa ukiishia kwenye cha kwanza, ukaona 70% imeingia benki ukasema basi yameisha, unakuwa umefanya makosa mara mbili: umewaachia hela yako, na hapo hapo una ritani hujaifaili ambayo ina deni la 10% ndani yake. Ile 30% ni amana tu wanayoishika, hesabu halisi inafungwa na 1040-NR.

Naomba mfano wa namba.

Chukua dola 20,000, chukulia yote ni michango iliyotokana na kazi ya Marekani, mtu hajaoa, hana kipato kingine cha Marekani, mwaka wa kodi 2025, na hakuna mkataba.

Wanakata 30%, yaani dola 6,000, unapokea 14,000. Ukifaili: dola 11,925 za kwanza zinatozwa 10% ambayo ni 1,192.50, zinazobaki 8,075 zinatozwa 12% ambayo ni 969. Kodi ya mapato jumla ni 2,161.50. Weka na adhabu ya 10% ya kutoa mapema, 2,000. Unadaiwa 4,161.50 na wameshashika 6,000, kwahiyo wanakurudishia 1,838.50. Zingatia kuwa sijatoa ile punguzo la kawaida ambalo wakazi wanapata, kwasababu asiye mkazi halipati (wanafunzi kutoka India wana kipengele chao kwenye mkataba, wengine sisi hapana).

Kwenye 1040-NR malipo ya 401(k) yanaingia mstari wa 5, ile 10% inapitia Schedule 2, na kilichokatwa kwenye fomu 1042-S (karatasi ya mlipaji inayoonyesha ulicholipwa na ulichokatwa ukiwa mgeni) unakiandika mstari wa 25g. Huo wa 25g uangalie mara mbili mbili, ukiusahau ni kama hukukatwa kitu.

Kitu kimoja cha kuongezea, sio kila dola kwenye akaunti ni mchango, kuna faida ya uwekezaji nayo, na kuna wahasibu wanaoitenga hiyo faida na kuitoza 30% bapa badala ya viwango vya kupanda. Kama akaunti yako imekaa miaka na faida imeizidi michango, tafuta mtu anayefaili 1040-NR mara kwa mara akufanyie hesabu, usiende kwa yeyote tu anayefaili ritani za kawaida.

Hiyo 10% inakwepeka kihalali?

Ndio, ila misamaha inatofautiana kati ya 401(k) na IRA na hapa ndo watu wanaumia. Mkubwa kwa waliohama ni huu: ukiacha kazi kwenye mwaka unaotimiza 55 au baada ya hapo, 401(k) ya mwajiri huyo unaitoa bila ile 10%. Lakini ukiihamishia kwanza kwenye IRA, msamaha unapotea, maana IRA haina kanuni ya 55. Watu wanahama nchi, wanashauriwa "hamishia IRA ndo rahisi", wanahamisha, alafu mwaka unaofuata wana miaka 56 wanataka kutoa na 10% inawakuta. Inauma sana kuona hivyo kwasababu ilikuwa ni suala la kusubiri tu.

Njia nyingine ni malipo ya vipindi yaliyo sawa, unajipangia kutoa kiasi kile kile kila mwaka kwa kanuni ya IRS, angalau miaka 5 au mpaka ufike 59 na nusu, kile kinachochelewa zaidi. Ukivunja mpangilio katikati wanarudi nyuma wanakutoza 10% ya yote uliyotoa, na riba juu. Mimi siishauri kwa mtu ambaye maisha yake bado yanahamahama.

Ulemavu wa kudumu upo kwenye misamaha, gharama za matibabu zinazozidi 7.5% ya kipato, mtoto kuzaliwa au kuasiliwa mpaka dola 5,000, na kwa IRA peke yake kuna nyumba ya kwanza mpaka dola 10,000 na ada za chuo. Kumbuka misamaha hii inaondoa ile 10% tu, kodi ya mapato inabaki pale pale.

Mkataba wa kodi unanisaidiaje?

Kwanza hakikisha upo. Watu wanadhani kila nchi ina mkataba na Marekani. Kwa Afrika ni Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Uganda hazina, kwahiyo ukiwa mkazi wa huko unaenda na sheria ya kawaida, 30% ya zuio alafu ritani.

Kama upo, kipengele cha pensheni mara nyingi kinasema pensheni inatozwa na nchi unayoishi peke yake, ila usikimbilie kushangilia, soma kama kinatofautisha malipo ya vipindi na mkupuo. Mkataba wa Marekani na Uingereza unatofautisha kabisa: malipo ya vipindi yanatozwa unakoishi, mkupuo unatozwa nchi ya mfuko. Alafu kuna kipengele kingine kinachoiachia kila nchi haki ya kuwatoza wakazi wake kama vile mkataba haupo, na mkupuo haujatolewa kwenye hicho kipengele. Mtu anasoma ibara ya 17 ya pensheni anafurahi, hasomi ibara ya 1 yenye hicho kipengele.

Jambo zuri ni kwamba ile adhabu ya 10% inahesabiwa kwenye sehemu inayoingia kwenye kipato cha Marekani tu. Kwahiyo mkataba ukiiondoa hela kwenye kodi ya Marekani, adhabu nayo inakosa pa kusimama.

W-8BEN naijazaje?

Ni fomu ya ukurasa mmoja ya kueleza kwamba wewe ni mgeni kikodi Marekani, unaipa kampuni inayotunza akaunti, sio IRS. Anwani iwe ya unakoishi kweli. Mstari wa 5 ni namba yako ya SSN (hifadhi ya jamii ya Marekani), ile ile uliyopewa ulipokuwa unafanya kazi, haiexpire hata kama viza iliisha zamani. Mstari wa 6a ni namba yako ya mlipakodi ya unakoishi sasa. Sehemu ya pili, mstari wa 9 na 10, inajazwa na mwenye mkataba tu, unataja nchi, ibara na kiwango unachodai. Kama nchi yako haina mkataba acha wazi, usijaze ili mradi umejaza.

Fomu inakaa mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini. Ikiisha na hujaleta mpya wanarudi kwenye 30% bila kukuuliza.

Kampuni bado inanijua kama mkazi wa Marekani, nimetumia anwani ya rafiki. Si ndo nafuu, nakatwa 20% badala ya 30%?

Hapana jamani, acha kabisa. Watakutolea 1099-R (ya wakazi) badala ya 1042-S, kisanduku cha 7 kitakuwa na alama ya 1 ya kutoa mapema, na IRS itasubiri ritani ya 1040 ya mkazi ambayo wewe sio. Utakuwa umesaini kwamba wewe ni mtu wa Marekani kikodi wakati huko unakoishi umesema wewe ni mkazi wa huko. Tena hiyo 20% nayo ni amana tu kama tulivyosema, kodi ya mwisho haibadiliki kwasababu walikata kidogo. Badilisha anwani kwanza, wape W-8BEN, subiri mfumo wao uonyeshe wewe ni mgeni, ndo uombe kutoa.

Nitoe lini, kabla sijaondoka au baada?

Hili ndo swali la maana kuliko yote na watu huliuliza wakiwa wameshatoa.

Ukitoa mwaka ule ule unaofanya kazi, hela inakaa juu ya mshahara wako. Kama mshahara umeshakufikisha 24%, kila dola ya 401(k) inaanzia hapo na kupanda. Ukisubiri mwaka unaofuata, huna mshahara wa Marekani tena, hela inaanzia 10%. Kwenye dola 20,000 za mfano wetu hiyo ni tofauti ya 4,800 dhidi ya 2,161.50. Ile 10% ya adhabu iko sawa kote kote. Na kama akaunti ni kubwa unaweza kuigawa miaka miwili mitatu ili isipande ngazi, ingawa uangalie kama mpango wa mwajiri unaruhusu kutoa kidogo kidogo, mingine inataka yote au basi. IRA kawaida haisumbui kwenye hilo.

Upande wa pili wa shilingi ni nchi unayohamia. Kama inatoza kipato cha dunia nzima, siku unayokuwa mkazi wake kikodi ndo siku hiyo hela yako inaanza kuonekana kwao. Kuna watu kwao ilikuwa nafuu zaidi kutoa baada ya kuacha kazi Marekani na kabla ukazi mpya haujaanza. Kwahiyo weka tarehe tatu kwenye karatasi: siku ya mwisho ya kazi, siku ukazi wa Marekani unaisha, siku ukazi mpya unaanza. Mpaka uzione hizo tatu pamoja huwezi kuchagua vizuri.

Huku ninakoishi nitatozwa tena?

Inawezekana. Utaratibu wa kawaida ni kwamba nchi ya akaunti inatoza kwanza, unakoishi wanakupa nafuu kwa ile kodi uliyolipa, mpaka kiasi cha kodi yao wenyewe. Lakini nafuu wanatoa kwa kodi uliyokuwa unadaiwa kihalali. Sasa ukienda na 1042-S inayoonyesha 6,000 wakati kodi yako halisi ilikuwa pungufu, afisa ana haki ya kukuambia nenda kadai zilizozidi kule kule kwanza. Hapo tena tunarudi kwenye 1040-NR, ndo karatasi inayothibitisha ulidaiwa nini.

Tarehe ya mwisho ya kufaili?

Kama huna mshahara wa Marekani uliokatwa kodi mwaka huo, ni Juni 15 ya mwaka unaofuata. Kama unao ni Aprili 15. 1042-S inatakiwa itoke kufikia Machi 15, kama huioni wapigie. Kudai marejesho una miaka 3 tangu ulipofaili au 2 tangu ulipolipa, kile kirefu zaidi.

Mimi ni raia wa Marekani, au nina grini kadi, ila naishi nje.

Basi sahau 1040-NR, wewe unafaili 1040 kila mwaka popote ulipo. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema Marekani inaendelea kuwatoza raia wake. Ule msamaha wa kipato cha kazi cha nje hauhusu pensheni, ni wa mshahara tu. Na nafuu ya kodi ya nje, hata kama umelipa kodi kubwa unakoishi, haiwezi kutumika kufuta ile 10%. Hiyo utailipa.

Grini kadi iliyoisha muda kwenye droo haikutoi kwenye mfumo. Mpaka uirudishe rasmi kwa fomu I-407, au hali yako ifutwe rasmi, bado kikodi wewe ni wao, labda mkataba ukutenganishe.

Nikirudisha grini kadi je?

Kama umekuwa nayo kwenye miaka 8 kati ya 15 ya mwisho, kuna kodi ya kutoka. Watu husikia kiwango cha utajiri wa dola milioni 2 wakasema hiyo hainihusu. Inaweza kukuhusu, kwasababu mlango mwingine wa kunaswa ni kushindwa kuthibitisha kwenye fomu 8854 kwamba ulitimiza wajibu wako wote wa kodi miaka 5 iliyopita. Ritani moja ambayo haikufailiwa inatosha. Ukinaswa, IRA inahesabiwa kama umeitoa yote siku moja kabla ya kutoka, japo bila ile 10%. 401(k) inaweza kubaki ikikatwa 30% kila malipo, ila lazima umpe mlipaji fomu W-8CE ndani ya siku 30, na hapo haki ya kudai mkataba kwa malipo hayo umeiachia.

Jimbo nililokuwa naishi litanidai?

Hapana. Kuna sheria ya shirikisho ya 1996 inayozuia majimbo kutoza pensheni ya mtu ambaye sio mkazi wake tena. Wakikukata, dai irudi.

Na Roth?

Roth ni akaunti unayochangia hela iliyokwishalipiwa kodi. Kwenye Roth IRA michango yako mwenyewe inatoka kwanza na haina kodi wala adhabu Marekani, maana uliilipia kodi kabla. Faida ndo inatozwa kama hujafika umri au akaunti haijafikisha miaka 5. Shida iko unakohamia, nchi nyingi haziitambui Roth kabisa na zinaiona kama uwekezaji wa kawaida. Canada inaitambua, ila lazima upeleke tamko kwa ritani ya mwaka wa kwanza wa ukazi, na usichangie tena baada ya kuhamia, ukichangia unaiharibu.

Canada, Uingereza na Australia zenyewe zikoje?

Canada: mkazi akitoa RRSP anakatwa 10%, 20% au 30% kutegemea kiasi, ila ukishakuwa sio mkazi ni 25% kwa mkupuo. Kwa anayeishi Marekani malipo ya vipindi yanashuka mpaka 15% kwa mkataba. Hakuna adhabu ya umri.

Uingereza ni kali sana. Ukitoa kabla ya umri bila sababu inayokubalika kama ugonjwa mzito, wanaita malipo yasiyoruhusiwa, 40% na nyongeza mpaka 15%, jumla 55%. Mtu yeyote anayekutumia meseji kwamba anaweza "kuifungua" pensheni yako ya Uingereza mapema na kuipeleka nje, huyo anakuibia, na deni la 55% litabaki kwako hata kama yeye amekula zote.

Australia ina utaratibu wake kwa waliokuwa na viza ya muda. Ukishaondoka na viza ikaisha unaruhusiwa kudai superannuation yako (akiba ya kustaafu ya kule) bila kusubiri uzee, ila kodi ni 35% kwa sehemu ya kawaida, na aliyekuwa na viza ya kufanya kazi huku akitalii ni 65%. Ukikaa miezi 6 bila kudai mfuko unaihamishia ofisi ya kodi, haipotei, unaidai huko.

Hela ni kidogo tu, naweza kuiacha?

Unaweza, ila mwajiri naye anaweza kukutoa. Akaunti ya 401(k) isiyozidi dola 7,000 anaruhusiwa kuiondoa kwenye mpango, ikiwa zaidi ya 1,000 anaipeleka IRA aliyoichagua yeye, ikiwa chini anakuandikia cheki. Cheki ikienda anwani ya zamani, kodi inahesabika mwaka huo huo hata kama hukuiona. Hakikisha wana anwani na barua pepe yako ya sasa.

Nikifa hela ikiwa bado huko?

Watu hawapendi kuliuliza hili lakini ni zito. Asiye raia na asiyeishi Marekani ana msamaha wa dola 60,000 tu kwa mali zake zilizoko Marekani, na akaunti ya kustaafu inahesabika humo. Kinachozidi kinaingia kwenye kodi ya mirathi inayopanda mpaka 40%, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa mirathi. Warithi hawatozwi ile 10% ya kutoa mapema, ila kodi ya mapato wanalipa. Kwahiyo mwenye laki mbili au tatu za dola kule, kuziacha mpaka 59 na nusu kwa ajili ya kukwepa 10% ni uamuzi wa kuupigia hesabu na familia, tena na mnufaika awe ameandikwa jina lake kamili kwenye akaunti, kama lilivyo kwenye pasipoti yake.